Injinia alitafuta fundi, CV yangu ikampelekea bwana harusi

"Huyo amerudi na marashi tu. Kazi ya mjengo hapa Kenya hataipata, na akiipata hataiweza."

Maneno hayo alisema shemeji yangu Murithi, mume wa dada yangu, siku ya kunikaribisha kutoka Gulf. Aliyasema mbele ya watu, mdomo umejaa nyama. Nyama niliinunua mimi.

Muga, wakuu. Nitawapa ukweli mtupu, na pale nitakapojisifu, jueni hata hiyo sifa ni ukweli.

Mimi ni wa Kiirua, Meru. Nina diploma ya ujenzi, na huko nje nimechomelea ngazi za hoteli ambazo wengi wenu mtaziona kwa picha. Sina mjomba mkubwa serikalini. Nilijitengeneza mwenyewe, kuanzia msingi hadi rangi.

Kandarasi ilipoisha nikawa nakaa kwa Murithi, Mitunguu, ambako analima ndizi za kumwagilia. Siku moja akarudi na gumboots mpya, saizi yangu kabisa. Akaziweka mlangoni.

"Shemeji, mwezi ukiisha bila kazi, hizi zinakungoja. Ndizi haziulizi diploma."

Kila asubuhi naziruka nikienda kunawa uso. Wakuu, gumboots zinaweza kumtazama mtu.

Basi nikasikia kuna hosteli ya ghorofa inajengwa Embu, na wanatafuta fundi wa welding wa kuongoza wenzake kwenye ngazi na reli za balcony. Nikasema hiyo ni yangu, wengine wanapoteza nauli.

Nikaenda cyber pale Meru mjini. Jamaa wa cyber ana CV moja anayowauzia watu wote, mwalimu, karani, hata mtu wa salon. Anabadilisha jina tu.

Ikatoka kurasa nne. Mimi ni "dynamic". Mimi ni "team player". Hobi zangu ni kusoma riwaya na kusafiri. Nafasi niliyoshika darasa la nane imo. Neno welding liko ukurasa wa tatu, chini ya kompyuta.

Picha nayo? Niliazima suti ya Murithi, ile aliyomwoa nayo dada yangu. Tai nyekundu. Hata marashi nilijipaka, kana kwamba picha inanuka.

Mareferee, wale wa kunitolea ushuhuda, nikaweka pasta, chifu na mwalimu mkuu wa shule yangu ya msingi. Msinicheke. Huku kwetu nani haweki hao?

Injinia akanipigia. Anaitwa Wawira, mama wa Embu ambaye hacheki ovyo.

"Wewe ndiye huyu wa suti?"

"Ndio, madam."

"Mimi natafuta fundi, umenitumia bwana harusi. Nimempigia pasta wako. Nimemuuliza, huyu anajua kuchomelea chuma? Ameniambia unaimba tenor."

Tenor naimba kweli, na vizuri.

"Chifu amesema huna kesi kwake. Mwalimu amesema ulikuwa mtoto msafi. Kwani huko Gulf ulikuwa unafanya nini?"

"Welding, madam. Ngazi, reli, vyuma vya paa."

"Na mbona umeificha? Hapa mezani CV zimejaa. Leta nyingine Jumatatu, ama nichukue mtu mwingine."

Jumatatu hiyo ndiyo mwezi ulikuwa unaisha. Jioni ya simu hiyo Murithi akaniuliza kama anionyeshe valvu za maji mapema, nizizoee.

Nikakaa chini na akili yangu, ambayo ni nyingi.

Nikajiuliza, huyu mama anataka kujua nini? Kama naweza kazi, na nani ameiona. Basi. Nikaandika ukurasa mmoja. Juu kabisa: jina, simu, na "Fundi wa welding, diploma ya ujenzi". Halafu mashine ninazotumia. Halafu kazi zenyewe: nilijenga nini, wapi, kwa chuma gani, niliongoza mafundi wangapi. Riwaya nikaifuta. Darasa la nane likaenda. Suti ikatoka, ikaingia picha ya ngazi niliyoichomelea mwenyewe. Ngazi ni nzuri kuliko mimi, nakubali.

Mareferee wapya: foreman wangu wa Gulf, kwa WhatsApp, na Mama Kendi anayeuza viazi kwa jumla soko la Gakoromone. Nilimtengenezea geti la stoo kabla sijasafiri.

Nikaenda kumwambia mwenyewe, maana referee asipoambiwa anadhani wanaopiga ni watu wa kudai mkopo.

"Mama, utapigiwa simu kuhusu lile geti."

"Niseme nini?"

"Sema ukweli tu."

"Hata ile bei?"

"Bei uiache, mama."

Hakuiacha. Jumatatu nilipofika site, Injinia Wawira alikuwa ameshika ukurasa wangu, na nikaona anajizuia kucheka.

"Mama wa viazi amesema wewe ni mwizi wa mchana, bei zako ni za kuua mtu. Lakini amesema lori lilirudi nyuma likagonga geti lako, na kilichopelekwa gereji ni lori." Akanirushia glavu. "Ingia, nione mkono."

Nilikuwa nimeazima grinder ya Koome, jirani yetu wa Kiirua. Nikakata, nikaunga, nikasaga. Injinia akapitisha kidole kwenye kiungo, akapitisha tena.

"Sasa hii ndiyo ungeandika mwanzo," akasema. Kazi nikapata.

Somo, wakuu: pasta atakuombea, lakini aliyeona chuma chako ndiye atakayekuombea kazi.

Mshahara ulipoingia nikafanya ziara ya kurudisha vitu vya watu. Koome nilimpa grinder yake na diski mpya juu. Suti nikaipeleka dry cleaner, ikarudi inang'aa kuliko siku ya harusi. Gumboots nikazifuta vumbi, maana tope hazijawahi kuliona, nikaziweka miguuni pa Murithi.

Akaziangalia sana.

"Shemeji," akasema, "kwa hiyo CV yako, hata mimi uniweke referee. Mimi najulikana hapa Mitunguu."

"Referee ni mtu aliyeona kazi yangu, shemeji."

Akajikuna kichwa. Akatazama nje.

"Ile stendi ya tangi la maji imeinama. Unaweza kunifanyia pesa ngapi?"

Nikamtajia.

"Wewe ni mwizi wa mchana!"

Hapo nikajua nimepata referee.

Sasa wenye CV za tenor, zileteni hapa chini tuzinyooshe. Na kama kuna aliyepata kazi ya mjengo kwa hobi ya kusoma riwaya, ajitokeze, tumpigie saluti.