Dawa ya Usingizi na Ulimi wa Batula

Batula binti Sugow aliuza maziwa sokoni Garissa, na aliyeweza kumtisha alikuwa bado hajazaliwa. Fisi aliwafukuza kwa kuni. Wateja wenye maneno mengi aliwafukuza kwa maneno zaidi. Hata baada ya serikali kutangaza hali ya hatari, malori ya askari yakawa yanapita sokoni na kuumwagia vumbi uso wake na vibuyu vyake, yeye aliyatazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani shambani. Lakini usingizi wa hospitali aliuogopa. Aliuogopa kuliko risasi iliyokuwa imekaa ndani ya paja lake.

Risasi hiyo aliipata kando ya mto Tana, amebeba maziwa saa ambayo watu walikuwa wamekatazwa kutembea. Aliwaambia askari kuwa alikuwa akimtafuta ngamia aliyepotea. Uongo mtupu. Maziwa yalikuwa ya Awil, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, aliyewafuata wapiganaji ambao serikali iliwaita shifta. Sasa alikuwa hoi kwa homa kwenye vichaka vya mikoma, chini ya kivuko, na wenzake wawili walikuwa wakimwuguza wakisubiri apate nguvu ya kuhama. Mbali na watu hao, Batula peke yake ndiye aliyejua mahali pale.

Inspekta wa polisi alilinusa jambo hilo. Alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwezi tangu aletwe kutoka bara, na alikuwa na hamu kubwa ya kusifiwa. Akaweka kiti kando ya kitanda cha Batula, akauliza jana, akauliza leo.

"Maziwa yalikuwa ya nani?"

"Ya ngamia," Batula akamjibu.

Daktari alipokuja alisema mguu lazima upasuliwe, naye lazima alazwe usingizi kwa dawa. Hapo ndipo Hawo, bibi wa kitanda cha pili, alipoharibu mambo. Akasimulia habari za shemeji yake, ambaye alipewa dawa hiyohiyo akaanza, usingizini, kumwita kwa mapenzi mke wa pili, na mke wa kwanza, ambaye hakuwa na habari ya ndoa hiyo, alikuwa amesimama mlangoni. Wodi nzima ikacheka. Batula hakucheka. Alimwona Inspekta akiinuka na kumfuata daktari, na alijua anakwenda kuomba ruhusa ya kumsikiliza akiwa usingizini.

"Nikateni nikiwa macho," akamwambia Guleid, mwuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda.

"Abaayo, dada yangu, utakufa kwa maumivu."

"Nife. Maiti haisemi."

"Ukikataa, mguu utaoza," Guleid akasema polepole, bila kumtazama. "Ukioza, homa itapanda. Na homa nayo huropoka, abaayo. Tena huropoka mchana kutwa."

Batula akaukazia macho mguu wake. Kweli hiyo ilimwuma kuliko kidonda. Kulala ni hatari, kutolala ni hatari, na Awil yuko kichakani akidhani dada yake ni ukuta. Alijifunika shuka usoni akalia kwa hasira, maana hakuwahi kufikiri kwamba siku moja adui yake angekuwa ulimi wake mwenyewe.

Ndani ya shuka lile akamkumbuka marehemu baba yake, mzee Sugow, wakati wa kukamua ngamia. Hakuna mtoto aliyegusa maziwa kabla ya kutaja majina ya baba zake, kuanzia jina lake mwenyewe, kisha la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka kule ambako hata wazee hufunga macho ili wakumbuke. Ukikosea, unarudi mwanzo, na mwenzako anakunywa. Batula alikuwa mlafi, kwa hiyo alijifunza mapema. Majina hayo yalimtoka akiwa na malaria, yalimtoka akiwa na uchungu wa kuzaa. Na njia ya majina hayo hupanda tu. Inatoka kwa mtoto inakwenda kwa baba, haigeuki kando hata mara moja kumtazama ndugu.

"Mwambie daktari niko tayari," akasema.

Tayari alikuwa kwa mdomo. Mwili ulikuwa na maoni yake. Walipomfunga mikanda mezani, miguu ilitafuta sakafu ili ikimbie. Inspekta alisimama ukutani, amevishwa koti jeupe, masikio wazi. Guleid akamwekea usoni kikombe cha waya kilichofunikwa kitambaa, akaanza kudondosha dawa. Harufu ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, ikamkaba koo. Kila sehemu ya mwili wake ilipiga kelele kwamba anazamishwa majini. Akataka kuking'oa kile kikombe, mikono ikakataa.

"Vuta pumzi, abaayo. Hesabu moja, mbili."

Hesabu mwenyewe, Batula akawaza. Akaanza: Batula, Sugow, Dagane, Nunow. Masikioni kukaingia mvumo kama lori linalopanda mlima. Kerrow. Miguu ikaondoka, kisha mikono, ila hofu ilibaki ikimdunda kifuani. Alio. Sauti ya Guleid ikawa inatoka ng'ambo ya mto. Shuriye. Ulimi ukavimba, ukawa mzito kama ngozi mbichi, akausukuma kwa nguvu zote. Abdulle. Sam...

Kisha akatapika. Aliona dirisha, jua limeshahamia upande mwingine, na hakujua lilipitaje. Hakuwa ameota kitu. Kipande cha siku yake kilikuwa kimekatwa na kutupwa, na hajui alisema nini ndani yake.

Inspekta alikuwa kitini, anatabasamu. 

"Umetaja wenzako," akasema. "Mara tatu, nne, bila kukosea. Sugow. Dagane. Nunow. Kerrow."

Batula alisubiri. Kila jina lilipotoka kinywani mwa yule mtu, alingoja linalofuata liwe Awil. Alio. Shuriye. Abdulle. Samatar. Inspekta akafunga mdomo. Basi, yameisha! Batula akashika shuka kwa vidole vyote asije akapiga vigelegele.

"Unawajua watu hawa?" Inspekta akamgeukia Guleid.

"Ni watu wa ukoo wake, afande," Guleid akajibu, uso mkavu. "Mimi nawajua kwa majina tu."

"Wako wapi?"

Batula akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hawa watu nakwenda mbele. Hata wewe bolisi, siku moja nafuata wao."

Inspekta alidhani anatishwa, akatoka mbio. Malori yakaondoka kuelekea mbali na mto, kwenye malisho ya ukoo huo, kijiji kwa kijiji, kuwatafuta baba zake Batula. Kila walikofika, wazee waliulizwa aliko Nunow Kerrow, na wazee, kwa adabu zote, walisema Mungu amrehemu. Awil alivushwa kivuko mikoma ikiwa haina hata askari mmoja wa kuitazama.

Inspekta aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Wamekufa wote!" akafoka. "Umenichezea!"

"Mimi hakuna cheza," Batula akasema. "Wewe nabeba bunduki, nakwenda kamata babu yangu. Mimi nalala tu."

Juma lililofuata kipande cha mfupa kilikataa kupona, ikabidi apasuliwe tena. Inspekta akaapa kwamba safari hii atasimama karibu zaidi. Batula akafungwa mezani palepale, miguu ikatafuta sakafu vilevile, harufu ileile ikamkaba. Lakini mkono mmoja aliwaomba wauache kwanza. Akaunyoosha, akakichukua kile kikombe cha waya mikononi mwa Guleid, akajiwekea mwenyewe usoni.

"Batula," akaanza kwa sauti ya sokoni, akimtazama Inspekta juu ya kitambaa. "Sugow. Dagane."

Kabla hajafika kwa Nunow, Inspekta alikuwa ameshavua koti jeupe na kutoka nje.