Baba Sufuria Shambani

Juzi, njiani kutoka mji mdogo wa Kwanza kwenda Kitale, nilipita shamba la mtama lililotundikwa CD kuukuu za kufukuza ndege. Kwenye moja niliona uso uliofifia, ukizunguka polepole juani: Baba Sufuria, mchekeshaji wa utoto wetu.

Enzi zake, kibanda cha video pale Kitale kilijaa hadi tukakaliana mapajani. Akijikwaa tu, vumbi na harufu ya njugu vilipanda pamoja na kicheko. Baadaye kibanda kikaanza kuonyesha mpira, nasi tukamsahau.

Kisha alasiri moja sokoni Bungoma, nikiwa na mama, tulimkuta amesimama juani, sufuria kichwani, akiuza filamu zake kutoka kwenye katoni.

"Mama, chukua hata moja," alimsihi mama. "Tangu asubuhi sijauza."

Umati ukaangua kicheko.

"Si mchezo, jamani. Watoto hawajakula."

"Ati hawajakula! Huyu ataniua, bana!" alisema muuza mitumba, akijifuta machozi.

Mimi nilicheka huku nikitafuta kamera ilikofichwa. Mama hakucheka. Mwanamke huyo, aliyebishania bei hata ya dawa, alilipa alivyoambiwa, akanishika mkono tukaondoka. Nilidhani anaugua.

Hayo yote yalinirudia pale kando ya mtama, hadi upepo ukavuma. Baba Sufuria aligeuka, akametameta, na ndege wote wakaruka kwa hofu.

Hakuna hata mmoja aliyedhani anatania.