Mashini Iliyobaki Kifuani kwa Baba

Asubuhi aliyofariki baba, mama alikataa azikwe. Alisimama kwenye mlango wa chumba, nyumbani kwetu Buyenzi, akanyoosha mkono kama polisi wa barabarani.

"Apana," akasema. "Ile mashini iko inatembea bado. Mutazika mutu muzima?"

Watu walishaanza kutandika mikeka uani. Mimi, mwanawe wa pekee, nilipaswa kulia, au angalau kumbembeleza. Sikufanya hata moja. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, na nilichowaza tu ni kwamba maji ya kumwoshea baba yatapoa.

Mashini yenyewe haikuzidi kiberiti. Baba alikuwa fundi wa magari, na moyo wake ulikuwa umeanza kwenda polepole mno hata akawa anazimia; siku moja aliangukia injini ya mteja. Madaktari hawakumpasua kifua. Walimchana kidogo chini ya bega, wakapitisha waya kwenye mshipa hadi moyoni, kisha wakakificha kidude chini ya ngozi. Moyo ukichelewa, kinaushtua kwa umeme kidogo. Yote hayo yalifanyika yeye yuko macho, akimuuliza daktari betri ni ya volti ngapi. Alipopona alipanda mlima wa Gihosha kwa miguu, bila shughuli yoyote huko, akashuka na kuitangazia gereji nzima kwamba ametiwa betri mpya.

Mama hakucheka. Tangu hapo alilala kiganja chake kikiwa juu ya uvimbe wa kile kidude.

"Iko?" alikuwa akiuliza kila usiku.

"Iko," baba alikuwa akijibu, na mama akipata usingizi.

Basi homa ya mapafu ilipomchukua baba, betri ilikuwa nzima kabisa, na mama alilijua hilo. Na kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Nikampigia daktari wake simu, nikaweka sauti kubwa ili mama asikie mwenyewe.

"Maman, pole sana," daktari akasema. "Ni kweli, mashini iko inatembea. Lakini kazi yake ni kupiga hodi tu. Ni moyo ndio ulikuwa unaitika. Sasa moyo apana itika tena."

Mama akaiinamia simu.

"Inamuumiza?"

"Apana, Maman. Hasikii kitu."

Mama akashusha mkono, akatupisha.

Nilimwosha baba nikisaidiana na mzee wa msikitini. Nilipofika kwenye uvimbe vidole vyangu vilisimama. Ngozi ilikuwa baridi na kile kidude kigumu vilevile. Mzee akaniambia nimimine maji taratibu, nikamimina. Nilikasirika kwamba sikuhisi chochote, kisha hasira nayo ikaniponyoka.

Tulimzika baada ya Alasiri. Niliporudi, mama alikuwa ameketi mkekani, kiganja chake kimelala wazi juu ya paja.

"Sisi tulifundishwa hodi mara tatu," akasema. "Mutu asipoitika, unarudi kwako. Sasa ile mashini ya baba yako, nani ataiambia irudi?"

Wiki iliyotangulia, daktari alikuwa ameipima betri akaniambia ina miaka mingi mbele. Nilichukua chupa ya chai nimmiminie, na chai ikamwagika, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa machozi hata sikukiona kikombe.