Jina Langu la Kitaliani na Nyundo ya Baba

Chuma chekundu kikizamishwa majini, kwanza kinalia, halafu kinatoa harufu. Harufu yenyewe siwezi kuwaeleza sawasawa. Iko kama damu, kama mvua ya kwanza, na kama nywele zilizoungua kidogo. Hapa Durban naipata karibu kila siku, pale Point, mtaa wa bandarini, kwenye karakana ya Niyonzima, kijana Mrundi anayetengeneza mageti na vyuma vya madirisha. Kazi yangu pale ni kukaa. Nawaandikia wateja risiti kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na huo mwandiko ndio mali pekee niliyoipata kwa kuuza jina la baba yangu. Niwaambieni nililiuzaje.

Sisi ni watu wa milimani, Kongo, juu ya ziwa Tanganyika. Baba yangu alikuwa mhunzi, na watu wote walimwita Muhunzi, kana kwamba mama yake hakumpa jina lingine. Babu naye aliitwa Muhunzi. Ungesimama njiani ukaita, Muhunzi, angegeuka baba, na kama wafu wanageuka, angegeuka na babu. Mimi nilikuwa wa kuvuta mivukuto ya moto, na jioni baba alinipa nyundo ndogo nijaribu. Nilikuwa na miaka minane hivi na kifua kimejaa majivu.

Kwetu nyundo kubwa ya mhunzi hainunuliwi kama chumvi. Inaolewa. Baba alipopata nyundo yake mpya kwa mhunzi wa mlima wa pili, iliviringishwa nguo safi, ikabebwa kama bibi harusi, mama akatoka kuipokea kwa vigelegele. Ililazwa kwenye mkeka, ikamwagiwa pombe kidogo, wageni wakala. Toka siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuiruka. Mama alikuwa akiiita mke mwenzangu. Akikasirika anasema, "Kalale na mwenzangu, yeye anakula makaa tu, haombi vitenge."

Karamu hiyo ndiyo iliyotuponza. Alipita Zakaria, katekista wa misheni, akachungulia juu ya ua. Zakaria alikuwa mtu wa shingo ndefu na suruali fupi, mtu aliyepewa kengele ya kupiga akadhani amepewa mbingu. Nimeishi mpaka uzee huu, nimeona askari wa mpakani na wapangishaji wa vyumba vya hapa Point, lakini sijaona mtu mdogo anayejivimbisha kama yule.

Sasa, shule ilikuwa moja tu, ya misheni, na mtoto asiyebatizwa haingii. Baba alitaka nisome. Alinishika mkono tukateremka. Zakaria alikuwa amekaa mezani na kitabu cha ubatizo, Padri amesimama nyuma yake.

"Yosefu ni sawa," akasema Zakaria. "Lakini jina ya baba, Muhunzi, haiingii mu kitabu."

"Sababu gani?"

"Hiyo ni kazi, haiko jina ya mutu. Tena kazi ya mashetani. Mulioa nyundo, niliona na macho yangu."

"Na weye unalimaka na jembe ya nani, Zakaria?"

"Jembe nilinunua."

"Ulinunua kwa huyo shetani."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na Zakaria akasema basi, Muhunzi achague: aitupe nyundo ziwani, au mtoto abaki na majivu yake.

Hapo nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo nimeliruka. Huyo Padri alikuwa Mtaliani, mrefu, pua nyekundu, na jina lake la ukoo lilikuwa Fabri. Wiki chache kabla ya hapo alikuja kwetu na bawaba za mlango wa kanisa zilizovunjika. Baba akazichoma. Padri akatazama, akashindwa kuvumilia, akakunja mikono ya kanzu, akaomba nyundo. Si ile iliyoolewa, ile ndogo. Akapiga. Na kati ya pigo na pigo aliiacha nyundo ianguke mara mbili juu ya fuawe, lile chuma la kufulia, ti-ti, halafu pigo lingine. Mtu asiyejua hafanyi hivyo, anapiga chuma kama anaua nyoka. Ile ti-ti ndiyo pumziko la mkono, mhunzi anajifunza akiwa mtoto. Padri alipoondoka baba akasema, "Huyu amelelewa pembeni ya moto. Baba yake alikuwa kama mimi, kama si baba basi babu." Mimi nilicheka moyoni. Nilidhani mzee anajipandisha, anatafuta undugu na Mzungu.

Basi, pale mezani Padri akainama juu ya bega la Zakaria, akasema kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, "Mtoto huyu atachukua jina langu. Andika, Yosefu Fabri."

Baba alimtazama mikono, si uso. Akauliza, "Jina lako maana yake nini, Padri?"

Padri akageukia dirishani. "Haina maana, Muzee. Ni jina tu ya kwetu."

Zakaria akaandika. Nyundo ilibaki, nikaondoka mimi.

Mnaweza kusema mtoto alifanya kosa gani. Ngojeni. Jina lile lilinipanda kichwani kama pombe ya ndizi. Shuleni nilitembea kama mpwa wa Papa. Siku moja baba alikuja kuniletea viazi vya kuchoma, amejaa masizi mpaka kwenye kope, na wenzangu wakauliza huyo ni nani. Nikasema, "Ni mutu anatutumikiaka nyumbani." Alikuwa karibu, alisikia. Aliweka viazi juu ya jiwe, akaenda. Mivukuto sikuigusa tena, na yeye hakuniomba. Na hilo Fabri hakuwahi kulitamka hata mara moja, alianza kuniita "mwanafunzi." Alipofariki nyundo ilikwenda kwa mtoto wa ndugu yake. Nami nilifika darasa la nne, vita vikafunga shule. Madarasa manne, basi.

Mwezi jana alikuja karakana bibi mmoja Mtaliani, mkazi wa Morningside, mfupi, fimbo mkononi, geti lake limeng'oka. Niyonzima akaniita, "Muzee Fabri, andikia mama risiti." Bibi akanitazama, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya rangi. Alizungumza Kiingereza cha haraka, Niyonzima akanitafsiria.

Kwao, alisema, zamani kila kijiji kilikuwa na akina Yohana kumi. Ili kuwatofautisha wakasema Yohana wa mhunzi, Yohana wa msaga unga, Yohana wa mshona nguo. Mwandishi akaandika kitabuni, na jina likawaganda wajukuu hata wasiojua kushika nyundo. Na kwa kuwa hakuna kijiji kisichohitaji mhunzi, wahunzi wamejaa nchi nzima: huku wanaitwa Fabri, kule Ferraro, upande mwingine Favaro. "Hata hawa Smith wenu wa hapa," akasema, "ni jina lile lile."

"Eish," akasema Niyonzima. "Muzee, kumbe weye ni Muhunzi."

Mwamuzi alikuwa kitabu tu. Kwao kazi ya babu iliandikwa ikawa heshima, mtaa wote wa Berea hapa Durban umejaa akina Smith na hakuna anayeambiwa ni shetani. Kwetu iliandikwa Fabri juu yake, maana ile ile, ili nione haya.

Zakaria namdharau kama unavyomdharau mbwa anayebwekea wageni wa tajiri, hakujua kitu. Padri namdharau zaidi, kwa sababu aliulizwa na mhunzi mwenzake, ana kwa ana, akatazama dirisha. Lakini yule Padri aliificha kazi ya babu yake tu. Mimi nilimkana baba yangu aliyesimama mbele yangu na viazi bado vya moto.

Geti la yule bibi lilihitaji bawaba mpya. Nikamwambia Niyonzima, nipe nyundo. Akacheka, akanipa. Chuma kilikuwa chekundu. Nikapiga pigo moja, na kabla ya la pili nikasikia, ti-ti, juu ya fuawe. Sikuwa nimekusudia. Tangu nilipokuwa na miaka minane sikuwa nimeshika nyundo, na hakuna aliyenikumbusha.

Kumbe mkono wangu haukubatizwa.