Velma na Ukuta wa Sebuleni

Pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, dereva akichanikiwa turubai kwenye foleni ya malori, hana haja ya kuuliza mara mbili. Ataambiwa, "Tafuta Velma." Naye Velma Amoding atakuja na sindano yake nene na uzi wa nailoni umening'inia shingoni, atavua viatu, atapanda juu ya shehena na kuketi huko kama mtu aliyeketi kitandani kwake. Madereva wa Uganda humwita nyabo, wa Kenya humwita mama, na yeye huitikia yote, mradi asiharakishwe. Hakati kitu kabla hajakipima. Mshono wake huenda Kampala na kurudi mvua ikinyesha, na mzigo ukabaki mkavu.

Kwa sindano hiyo alimlea binti yake, Dolphine, peke yake. Na kwa sindano hiyohiyo alinunua nyumba. Si ploti, si shamba. Fleti, ya chini kabisa, katika jengo la ghorofa kando ya barabara ya kwenda Amagoro. Siku aliyopewa ufunguo alikaa sakafuni, maana kiti hakikuwepo, akacheka mpaka machozi.

Baba yake mdogo, mzee Okiror, alipokuja kuiona alisimama mlangoni, akaitazama dari.

"Sasa hii dari yako ni sakafu ya mtu mwingine?"

"Ndiyo, baba."

"Na huu ukuta ni wa nani?"

"Upande huu ni wangu. Upande ule ni wa jirani."

"Hm," akasema Okiror. "Basi umenunua upande wa ukuta."

Velma alimkaribisha chai. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba, likakaa.

Haukupita muda, Dolphine akaja kutoka chuoni Alupe na habari zake, anazisema huku ameangalia dirishani. Kulikuwa na kijana, Mathews. Wazee wa kwao walitaka kuja kuzungumza mambo ya mahari. Waje wapi?

"Kwangu, kijijini," Okiror akasema alipoulizwa. "Baba yako hayupo, Velma, mimi ndiye mwenye boma. Kwako hawaenei. Wakwe hukaa mviringo mmoja, chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, katikati, kila mzee na mrija wake. Ile sebule ni kama kabati. Utawaweka nusu huku, nusu kwenye kile chumba kidogo? Mtu asiyemwona mwenzake machoni atasemaje wamekubaliana? Kesho atakana!"

"Nikiutoa ule ukuta wa katikati?"

Okiror akacheka. "Ukiutoa, na wakaenea mviringo mmoja, chungu nitaleta mimi mwenyewe."

Alisema kwa mzaha. Velma hakulichukulia kuwa mzaha. Mtoto alikuwa wake, nyumba ilikuwa yake. Miaka yote ile juani juu ya malori, halafu siku ya mwanawe kuombwa aende akaombwe kwenye boma la mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni baba mdogo? Hapana. Dolphine angetolewa kwa mama yake.

Fundi wa kwanza kuuona ukuta ule alikuwa Arnold. Aliugonga kwa ngumi, akatabasamu. "Mama, hili ni tofali tu. Nipe siku moja na nyundo. Nani atajua?"

"Mzee wa ghorofa ya juu atajua akituangukia."

"Haanguki huyo."

"Wewe ndiye umempima?"

Arnold akakuna kichwa.

"Kwa jengo la pamoja hubomoi kama kwako kijijini," Velma akamwambia. Alikuwa ameshauliza kwa wenzake wenye fleti. Injinia aje aangalie na achore. Jirani wa juu akubali kwa sahihi yake. Halafu ofisi ya majengo ya kaunti ipitishe, ipige mhuri. "Nataka ukuta utoke, na nisiwe na mtu wa kuninyooshea kidole. Rudi nikikuita."

Basi akaanza kutembea. Asubuhi alishona, mchana akafuata mambo ya ukuta. Ofisini walimwambia lete mchoro, akaenda kutafuta wa kuuchora. Madereva wakaanza kulalamika. "Nyabo, siku hizi wewe ni wa ofisini!" Akawajibu kutoka juu ya shehena, "Nyamaza wewe, mpangaji hajui uchungu wa mwenye nyumba."

Injinia aliyepatikana alikuwa msichana kutoka Busia mjini, jina lake Sheilah, mpole, mwenye kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Alipima kila pembe, akapanda kwa mzee wa juu, akashuka, akachimba kidogo plasta kwa bisibisi. Velma alimfuata nyuma hatua kwa hatua. Alipenda kumwona mtu anayepima kabla ya kukata.

"Mama, habari ni nzuri nusu," Sheilah akasema. "Kuanzia mlangoni mpaka hapa ni tofali la kugawa chumba tu, litatoka. Lakini kuanzia hapa mpaka mwisho, ndani kuna nguzo. Imebeba boriti, na boriti imebeba nyumba ya juu. Nguzo na kipande hiki cha ukuta vinabaki."

"Chote hiki?" Kipande chenyewe kilikuwa na upana wa mlango. "Si kitakaa kama jino moja kwa mdomo wa mzee?"

"Hata likiwa baya, hilo jino ndilo linalotafuna, mama."

Velma akacheka, lakini moyoni hakufurahi. Alikuwa ameshaiona sebule yake akilini, pana, safi, jicho likikimbia kutoka mlangoni mpaka jikoni bila kujikwaa. Akamsihi. Sheilah akatikisa kichwa polepole, kofia ikamtikisika pia. "Nikikuandikia litoke lote, nitakuwa nimekudanganya."

Mzee wa juu ndiye aliyebaki. Jina lake Obuya, mstaafu wa posta, mlokole, mtu wa kuimba tenzi alfajiri mpaka jengo zima linaamka. Alikuwa amekataa tangu siku ya kwanza. Velma alimkuta anamwagilia mboga zake kwenye ndoo za balkoni.

"Dada Velma, jibu ni lile lile. Wewe utoe ukuta, mimi niamkie kwako na kitanda changu? Watu watasema nini, na mimi nimeokoka?"

"Nguzo inabaki, mzee."

"Nani amesema?"

"Injinia. Na kipande cha ukuta kinabaki nayo. Njoo uone."

Obuya akashuka na kandambili zake. Sheilah akamwonyesha mahali pa nguzo, akamchorea kwa chaki mstari wa kitakachotoka na kitakachobaki. Mzee akaweka kiganja chake kwenye kile kipande, akakisukuma, akakisukuma tena kwa bega. Akageuka kwa Velma.

"Ulitaka hiki pia kitoke?"

"Nilitaka."

"Ukakatazwa?"

"Nikakatazwa."

"Na umekubali?"

"Nimekubali, mzee. Siwezi kujengea furaha yangu juu ya kichwa chako." Kisha akajisahihisha, "Yaani, chini ya miguu yako."

Obuya akacheka mpaka akakohoa. "Leta kalamu," akasema.

Ofisi ya majengo nayo ilituma mtu wake akaangalia, na baada ya kusubiri na kusubiri, mhuri ukapigwa. Velma aliushika mchoro kwa mikono miwili njia nzima, kama mtu aliyebeba sahani ya mboga imejaa. Akampigia Arnold.

"Sasa njoo na nyundo."

Ukuta ulitoka kwa siku moja kweli, kama Arnold alivyosema. Vumbi likaingia mpaka kwenye sukari. Obuya alisimama juu kwenye balkoni akiuliza, "Bado niko?" na Arnold akimjibu, "Bado uko, mzee!" Jioni mwanga wa dirisha la chumba kidogo ukafika sebuleni kwa mara ya kwanza. Kile kipande kilibaki kimesimama peke yake upande wa jikoni. Velma akakipiga plasta na rangi, na kila alipokiona alisonya kidogo.

Siku moja kabla ya wageni, Okiror akaja kukagua. Alipanga viti mwenyewe, mviringo, akaweka stuli katikati mahali pa chungu. Akakaa kiti kimoja, akahamia kingine, akajaribu vyote, anatazama kila upande. Hakupata la kulaumu. Alikuwa anainuka ndipo akaganda.

"Velma. Na wewe?"

"Mimi nini, baba?"

"Utakaa wapi?"

Velma akavitazama viti. Alikuwa amefikiria boriti, mhuri, viti, mirija, hata soda ya Obuya, aliyemwalika na asiyegusa pombe. Hakufikiria kwamba Mathews atakuwa kwenye mviringo ule, na yeye ni mama mkwe wake. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawakai mbele ya chungu kimoja. Zamani angekaa jikoni, na ukuta ungemsitiri. Ukuta wenyewe ameuangusha kwa mikono yake, kwa mhuri wa serikali!

"Ingia chumba cha kulala, ufunge mlango," Okiror akasema.

"Nifungiwe kwangu? Siku ya mwanangu, nisisikie neno?"

"Basi tundika turubai."

"Baba! Mimi ni mzigo wa mchele?"

Hata Okiror akacheka. Dolphine, aliyekuwa anaosha vikombe, akafunga bomba la maji ili asikie. Velma akazunguka sebule yake, mikono kiunoni. Akapita jikoni. Akasimama nyuma ya kile kipande cha ukuta. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Baba, kaa kwenye vile viti. Uniambie kama unaniona."

Okiror akakaa cha kwanza. "Sikuoni." Akahama. "Sikuoni." Akazunguka mviringo mzima, kiti kwa kiti, fimbo ikigonga sakafu. "Sikuoni. Sikuoni. Hapa naona kandambili."

Velma akarudisha miguu. "Na sasa?"

"Hapana. Lakini nakusikia vizuri sana, kama kawaida yako."

Siku ya pili wazee wakaja wamevaa makoti. Chungu kilikuja kwenye bodaboda, Okiror amekikumbatia kama mtoto mgonjwa, maana aliahidi. Wakaenea wote, na mzee Obuya akapewa kiti chake na soda yake. Mathews aliketi ameinamisha kichwa. Shangazi mmoja akamimina maji ya moto chunguni, povu likapanda, harufu ya wimbi ikajaa nyumba.

Mkubwa wa wageni akasafisha koo. "Kabla hatujagusa mrija, tuambiwe. Hapa tumefika kwa nani?"

Nyuma ya ukuta Velma alishika magoti yake. Alijua jibu la desturi. Mzee wa ukoo husimama, husema jina lake, basi.

Okiror akasimama. Akaitazama dari, kama siku ile ya kwanza.

"Mimi ni Okiror, baba mdogo," akasema. "Nimekuja hapa kama ninyi, kwa mwaliko. Mwenye nyumba yuko, hamtamwona, mnajua sababu. Muulizeni mwenyewe."

Mkubwa wa wageni akageukia kile kipande cha ukuta, akavua kofia. "Mama, tumefika kwa nani?"

Dolphine alisema baadaye kwamba sauti ya mama yake ilikuwa ileile anayoitumia juu ya malori, ile inayosikika mpaka Uganda.

"Mmefika kwa Velma Amoding. Karibuni kwangu. Shikeni mirija."