Mama Mdogo na Panya Waliolegea Miguu

Zama za Mwingereza nilifanya kazi katika maabara ndogo pale Same. Kazi yangu ilikuwa kuandaa rojo la sindano: ubongo uliosagwa, mafuta mazito, na vijidudu vya kifua kikuu vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Nililisukuma rojo kutoka bomba moja la sindano hadi jingine, huku na huku, mpaka vidole vikafa ganzi. Daktari, Mwingereza mpole aliyekijua Kiswahili, alidondosha tone kwenye maji baridi. Likitawanyika, narudia. Likibaki limeviringika, tunawachoma panya weupe. Majuma yakipita, mkia unalegea, kisha miguu ya nyuma. Miili yao ilikuwa imeanza kujishambulia yenyewe.

Siku moja mama mdogo alishuka kutoka Shighatini kunitembelea, anajikongoja na fimbo, utingo wa lori nyuma yake kambebea mkungu wa ndizi. Miaka ya nyuma aling'atwa na mbwa mwenye kichaa kule Kileo. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alimburuta hospitali kuchomwa sindano za tumbo, naye hataki. Kichaa hakikumpata, lakini baada ya sindano miguu ikalegea. Tangu hapo mama hakujisamehe. Kila asubuhi alimtekea maji, akamfulia, akaondoka bila kukaa wazungumze.

Mama mdogo aliinama mbele ya vizimba. "Hawa wanatembea kama mimi," akasema.

Nilimweleza daktari kisa chake. Akavuta kiti.

"Mama, sindano zile zilitengenezwa kwa ubongo wa mnyama. Kwa watu wachache, mwili hugeuka ukashambulia ubongo na mishipa yake ya fahamu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwako. Ndiyo sababu ya kazi hii."

"Na bila sindano?"

"Huenda ungekufa."

"Kumbe dada aliniokoa!" Akacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Alikaa siku chache, akiwalowekea panya chakula na kuwasogezea mdomoni. "Kula, mwenzangu." Wengine waliinuka tena. Wasioinuka niliwaondoa kabla hajawaona.

Nilimsindikiza nyumbani. Tulimkuta mama mlangoni, mtungi kichwani.

"Shikamoo dada. Tua huo mtungi. Daktari kasema bila wewe ningekuwa kaburini. Sasa kaa."

Mama akatua, akakaa, akalia. Kisha wakaanza kusimuliana, wakicheka kama wasichana, ndizi zikaungulia jikoni. Nilizila hivyohivyo.