Kamba ya Mama Shekinah

Mansour alijifunza kuzamia Tanga, akisaka majongoo ya bahari. Kule hakuwahi kupotea: matuta madogo ya mchanga hulala sambamba na ufuo, na wimbi humsukuma mtu kuelekea nchi kavu. Johannesburg, anakojaza mitungi ya hewa ya wazamiaji katika karakana ya Doornfontein, hakuna bahari. Kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji, na Wakongo wa mtaa wa Bellevue huenda kubatizana humo.

Jumapili, Thierry, mmoja wao, aliteleza akiwa na kanzu ya ubatizo, akazama. Polisi walitafuta, wakachoka, wakasema ataelea mwenyewe. Hakuelea. Bila maiti hakuna matanga, kwa hiyo mkewe, Mama Shekinah, alimfuata Mansour.

Walipofika machimboni, alipoona kamba mkononi mwa yule mama, Mansour alicheka. "Mimi mbuzi?"

"Leo uko mbuzi, kaka. Hii mayi ilishanikamatia mutu mumoja."

"Mutu wa Tanga anaogopa kidimbwi!" akadakia Placide, mdogo wake marehemu, na wanakwaya wa kanisa lao waliosimama ukingoni wakaguna.

Mansour akajifunga ncha moja kiunoni; ya pili akaishika Mama Shekinah. "Nikivuta mara moja, niko salama. Mara mbili, nimempata."

Chini, tochi iliangaza tope tu. Akafuata dira. Mkono ukagonga toroli kuukuu la chuma; akalipita, akaogelea, akagonga chuma tena. Toroli lilelile. Ndipo alipoelewa: chuma kilikuwa kinaivuta sindano ya dira, naye alikuwa akizunguka kama ng'ombe wa kinu. Juu kwaya ilipiga ngoma, lakini majini sauti hutoka kila upande. Mshale wa kipimo cha hewa ulikuwa umekaribia wekundu.

Akavuta kamba mara moja. Ikajibu, na akajua nchi kavu iko wapi.

Hakupanda. Aliiachia dira, akaikaza kamba, akaogelea akichora upinde, mkono mbele. Nyuma ya toroli vidole vilishika kitambaa cha kanzu. Alikuwa amempita mara mbili.

Akaifungua kamba kiunoni mwake, akamfunga Thierry chini ya makwapa, akavuta mara mbili. Kisha akapanda akiishika kamba hiyohiyo.

Alipoibuka, Placide alinyoosha mikono kupokea kamba.

"Acha, shemeji," Mama Shekinah alisema, akichimbia visigino kwenye kokoto. "Nitamuvuta mwenyewe."